UZI: Filamu za kutisha za mfuko mtupu, na wahakiki wanaoinuka kabla ya mwisho

Fundi_Kuze

Assalam aleikum wapenzi wa filamu. Hili nimekaa nalo tangu Jumamosi na halitoki moyoni, kwa hivyo leo naliandika lote.

Jumamosi baada ya isha tulitundika shuka jeupe ukutani, darini kwetu hapa Kuze, Mombasa, tukaazima projekta ya binamu yangu anayepiga video za harusi. Tulikuwa watu kumi na saba. Kahawa ipo, kashata zipo, upepo wa bahari waingia vizuri. Nilichagua filamu ya Kijapani, One Cut of the Dead, ya mwaka 2017, mwongozaji Shinichirō Ueda. Imetengenezwa kwa yeni milioni 3 hivi, yaani kama dola 25,000, na waigizaji wake hawakuwa na jina lolote, walitoka kwenye warsha ya uigizaji. Kisa chenyewe: kikundi kinapiga filamu ya zombi kwenye kiwanda kikuukuu cha kusafishia maji, mahali ambapo inasemekana jeshi liliwahi kufanya majaribio ya kufufua maiti. Mara maiti wa kweli wakatokea. Dakika 37 za mwanzo ni shoti moja, haikukatwa.

Kufika dakika ya ishirini, watu sita washainuka. Mmoja alisimama mbele ya projekta akitafuta ndala zake, kivuli chake kikamfunika yule binti anayekimbizwa. Kuinuka si kosa, mtu ana shughuli zake. Kilichoniuma ni hiki: filamu haijafika nusu, simu yangu yalia, kwenye kundi letu la WhatsApp mtu kashaandika: "Takataka. Kamera yatetemeka, waigizaji wasahau maneno, damu ni sharubati tupu. Msipoteze muda." Na wengine ambao hawakuwako wakaanza kuweka vidole gumba, na kuapa kwamba hawataitizama.

Mie nasema, kila alichoandika ni kweli, na bado hakuihakiki ile filamu. Kamera inatetemeka. Kuna pahala waigizaji wanabaki wakiulizana mambo yasiyo na kichwa wala miguu, kama watu wanaovuta wakati. Kuna tone la damu linaruka, linanata kwenye lenzi, mkono unatokea kando unalipangusa na kamera inaendelea. Nani aliyeupeleka mkono ule? Hilo ndilo swali ambalo mhakiki angelishika. Jibu lake liko mbele, baada ya ile shoti ndefu kwisha, na waliobaki darini wamelijua. Sitalitoboa hapa. Atakayetaka kulijadili naomba aweke onyo kwanza.

Haya, semeni.

MwalimuTudor

Waleikum salaam Fundi. Umegusa jambo nililolifuatilia miaka mingi, tangu enzi za kukodi kanda za VHS.

Filamu za aina hii, sayansi ya kubuni iliyochanganywa na kutisha na kuchekesha, zina tabia ya kupata hukumu mbili. Tazama The Little Shop of Horrors ya Roger Corman, mwaka 1960. Kijana wa duka la maua analea mmea, kumbe mmea wanywa damu, na ukikua unadai chakula kwa sauti. Sehemu kubwa ilipigwa kwa siku mbili na usiku mmoja, kwenye majengo ya studio yaliyobaki kutoka filamu nyingine, kwa dola 30,000 hivi. Mmea wenyewe unaonekana wazi kuwa ni kitu cha kushonwa. Ilionyeshwa pamoja na filamu nyingine kama nyongeza, ikapita.

Halafu? Corman hakuihangaikia haki miliki yake, ikawa mali ya kila mtu, na vituo vya televisheni vikawa vinaweza kuirusha bila kulipa. Usiku baada ya usiku watu wakaikuta, wakaikariri. Mwaka 1982 ikageuzwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, mwaka 1986 Frank Oz akautengenezea filamu mpya ya pesa nyingi. Na yule mgonjwa wa meno anayefurahia kung'olewa, sini ya dakika chache tu, ni Jack Nicholson akiwa bado hajulikani.

Kwa hiyo ukiniuliza nani aliyeihakiki vizuri filamu ile, nitakwambia ni watazamaji walioiona mara ya tatu na ya nne. Mhakiki wa gazeti alikuwa na usiku mmoja, na kesho yake filamu nyingine.

Nahodha_Likoni

Ni mie niliyeandika "takataka". Na ni mie niliyekuwa natafuta ndala. Niliwahi feri, kesho yake nilikuwa na zamu ya alfajiri.

Fundi, sikukusudia kukuvunjia heshima, dari ni lako na kahawa ilikuwa nzuri. Lakini nitasema la moyoni. Nimechoka kuambiwa kitu kisifiwe kwa sababu kimetengenezwa na maskini. Fundi wa boti akinitengenezea ngalawa inayovuja, sitaki kusikia kwamba mbao alizikosa. Nitazama nayo vile vile. Hizi filamu zenu wanazipiga, zinatoka sauti haisikiki, picha giza, kisha ukisema ukweli waambiwa huna imani na wenzako. Mimi nikinunua tiketi, nimenunua filamu. Shida za aliyetengeneza si zangu.

Na mwalimu, hizo unazozitaja ndizo zilizopona. Ngapi zilikufa kwa sababu zilikuwa mbovu kweli?

MwalimuTudor

Nyingi, Nahodha. Nyingi mno. Hapo umenishika na nakubali.

Fundi_Kuze

Nahodha, ahsante kwa kujitokeza, na mfano wako wa ngalawa nimeupenda. Tuufuate.

Ngalawa inayovuja ni ile isiyofika. Sasa tuulize, filamu ya kutisha na kuchekesha inatakiwa ifike wapi? Inatakiwa mtu acheke, kisha kicheko kimkwame. Ikiwa imemfikisha hapo, mbao zilizotumika ni habari ya pili. Na ikiwa haikumfikisha, hata ukiipaka rangi ya dola milioni mia bado inavuja.

Nikupe mfano wa mbao. Bad Taste, ya Peter Jackson, New Zealand, ilitoka mwaka 1987. Viumbe wa sayari nyingine wamevamia kijiji, wanawachinja watu wakafanye biashara ya vyakula vya haraka huko kwao. Jackson alikuwa kijana anayefanya kazi kwenye gazeti, akipiga na rafiki zake mwisho wa wiki, kwa takriban miaka minne. Vinyago vya wale viumbe vilichomwa kwenye oveni ya mama yake, oveni ile ile ya chakula cha nyumbani. Pesa za kumalizia zilitoka tume ya filamu ya nchi yao.

Kuna sini pale juu ya jabali. Derek amemshika mmoja wa wavamizi, Robert, wanasumbuana ukingoni, chini bahari. Wote wawili ni Jackson mwenyewe. Mmoja ana ndevu na mwingine hana, kwa hivyo alipiga upande mmoja, akangoja, akabadilisha sura, akapiga upande wa pili, kisha akaunganisha. Nimeirudia sini hii mara nyingi nikitafuta mshono. Unapomtazama Derek unasahau kwamba anayempiga ni yeye. Hiyo si huruma ya kumsifu maskini, Nahodha. Yule mtu alikuwa na mwili mmoja, akajua aukate wapi.

Mwaka 2004 huyo huyo alibeba tuzo za Oscar kwa filamu yake ya The Lord of the Rings ya tatu, iliyopata 11 usiku ule. Lakini siileti hiyo kama ushahidi kwamba Bad Taste ni nzuri. Ingekuwa nzuri hata kama angebaki kwenye gazeti.

Kahawa_Chungu

Jamani, mbona hamuongelei ile asilimia ambayo kila mtu huangalia kwenye simu kabla ya kutizama? Hii One Cut of the Dead imekaa muda mrefu na 100 kwenye Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Nahodha, watu wote hao wamekosea isipokuwa wewe?

MwalimuTudor

Kaka, tuielewe vizuri hiyo namba maana inawapotosha wengi. Asilimia ile si maksi. Ni hesabu ya wahakiki wangapi kati ya wote wamesema ndiyo. Chukua pilau ya harusi. Watu kumi wamekula, kila mmoja akasema "yalika". Hiyo ni 100. Jirani amepika pilau yake, saba wakaapa hawajawahi kula mfano wake, watatu wakasema chumvi imezidi. Hiyo ni 70. Pilau ipi ungependa kula?

Na kwa filamu ya pesa kidogo kuna jambo jingine: wahakiki wenyewe ni wachache. Filamu kubwa inapata mamia. Hii ndogo ikipata ishirini, mmoja tu akiwa na haraka ya feri, tayari imeshuka hadi 95. Wawili wakiinuka, 90.

Nahodha_Likoni

Mwalimu, hilo la feri limenifika.

BintiMajengo

Naomba nichangie upande wa anayetengeneza, kwa sababu hapa nyote ni watazamaji.

Mimi hurekodi sauti. Kazi ya mkate ni harusi na mikutano, kazi ya moyo ni filamu. Mwaka juzi mimi na wenzangu wanne tulipiga filamu fupi ya dakika kumi na nne kuhusu kiumbe kinachotoka majini upande wa Makupa, kimekula taka za viwandani mpaka kikapata akili, kikaanza kubisha hodi majumbani kikiomba chumvi. Tulitaka watu wacheke kwenye ile hodi ya kwanza na waogope kwenye ya tatu. Kiumbe tulikishona kwa nyavu mbovu tulizopewa na wavuvi, magunia, na mwani uliokaushwa. Mwani ule ulinuka hadi aliyevaa akawa anatapika, ikabidi tupige kwa zamu za dakika tano tano. Hodi tuliipiga kwa mchi juu ya mlango wa mvule, tukaichagua kati ya sauti kama thelathini.

Tukaipeleka kwenye onyesho moja, sitalitaja. Aliyekuja kuihakiki akaandika aya mbili. Ya kwanza: mshono wa vazi unaonekana begani. Ya pili: pamoja na hayo, vijana hawa wapewe moyo.

Ile aya ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Ukiniambia hodi ya tatu haikukutisha, nitarudi nikaitengeneze. Ukiniambia kiumbe anaonekana mapema mno, nitabishana nawe, lakini nitalala nikifikiri. "Wapewe moyo" nitaifanyia nini? Hakusema hata neno moja kuhusu hodi. Sijui kama aliisikia.

Kwa hiyo Nahodha, mie niko na wewe katika hili moja: sitaki huruma. Ila niko na Fundi katika hili jingine: tizameni mpaka mwisho, kisha mtuchape.

Fundi_Kuze

Dada yangu, hilo la hodi nitaliweka moyoni. Na filamu hiyo tunaitaka darini.

Nahodha_Likoni

BintiMajengo, naomba nikuulize kwa nia njema. Mshono ule ulionekana kweli?

BintiMajengo

Ulionekana. Shoti moja, sekunde mbili hivi. Ningeweza kuikata, lakini ndiyo shoti pekee ambayo macho ya aliyevaa yanaonekana kupitia nyavu, na macho yale yalikuwa na huzuni ya kweli kwa sababu ya mwani. Nikachagua macho.

MwalimuTudor

Mhakiki anayejua kazi yake angeandika juu ya uchaguzi huo. Angeweza hata kusema umechagua vibaya. Lakini angeuona.

Nitaleta mfano wa Afrika maana tumekaa sana ughaibuni. Jean-Pierre Bekolo wa Cameroon, Les Saignantes, mwaka 2005. Yaoundé ya mwaka 2025, ambayo wakati ule ilikuwa mbali. Wasichana wawili wanabaki na maiti ya mkubwa wa serikali na wanahangaika kuiondoa. Ni filamu ya siku zijazo, ya kutisha, na ya kuchekesha yote pamoja, imepigwa usiku, taa za kijani na bluu, magari machache, mitaa mitupu. Anayetafuta miji ya vioo na vyombo vya angani hatavipata. Badala yake, ndani ya filamu yanatokea maandishi yanayomuuliza mtazamaji: utatengenezaje filamu ya siku zijazo katika nchi ambayo haina siku zijazo? Ukisoma swali lile, ule utupu wa mitaa unaacha kuwa upungufu wa pesa. Unakuwa ndio hoja yenyewe.

Wapo walioiona ni vurugu na uchafu. Lakini FESPACO, lile tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, mwaka 2007, ikapewa tuzo ya Farasi wa Fedha. Sijui tungeipokeaje sisi hapa Mombasa ingeonyeshwa ukumbini, na familia zimekaa.

Kahawa_Chungu

Mwalimu, wengine tusingeipokea. Mimi nina mama nyumbani. Lakini nakuelewa.

Na jirani zetu wa Uganda? Wale wa Wakaliga, mtaa wa Kampala, mwongozaji Nabwana I.G.G., na Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010. Ile si ya sayansi, ni ya ngumi na bunduki, ila somo ni lile lile. Pale sauti ya VJ Emmie iko juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho, anatania, anashangilia, anamwonya mtazamaji. Mzungu anaona ajabu. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tukimsikiliza DJ Afro akitusimulia filamu juu kwa juu twaijua tangu zamani. Banda lilikuwa na wahakiki wake, tena papo hapo. Filamu ikilegea watu wapiga kelele, ikikaza banda zima kimya, hata mtoto wa karanga asimama mlangoni na sinia lake kichwani asahau kuuza.

Fundi_Kuze

Umenikumbusha mbali, Kahawa. Na darini Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Sasa naweka ONYO, ambaye hajaiona One Cut of the Dead na anataka kuiona, aruke ujumbe huu.

ONYO. ONYO.

Ile shoti ya dakika 37 ikiisha, filamu inarudi nyuma mwezi mmoja. Tunamwona mwongozaji wa kazi za bei rahisi anapewa amri na wakubwa wa televisheni: filamu ya zombi, moja kwa moja hewani, shoti moja, bila kukata. Kisha tunaiona tena siku ile ile, safari hii tukiwa nyuma ya kamera. Na kila kasoro aliyoiandika Nahodha ina mtu nyuma yake. Waigizaji wanavuta maneno kwa sababu kuna mwenzao hayuko tayari. Mmoja amelewa na inabidi ashikiliwe wima. Kamera inaanguka chini kwa sababu mpiga kamera ameumwa mgongo. Darini kwetu watu kumi na mmoja walikuwa wakicheka hadi jirani akafungua dirisha kuuliza kuna nini.

Halafu mwisho. Wanahitaji shoti ya kutoka juu, na mtambo wa kuinulia kamera umeshavunjika. Wanapanda migongoni mwa wenzao. Piramidi la watu, magoti yanatetemeka, vidole vimekunjika kwenye mbao, waigizaji na mafundi, na juu kabisa binti wa mwongozaji yuko mabegani mwa baba yake ameishika kamera. Picha inatetemeka kidogo. Ni ule mtetemeko tulioulalamikia saa moja iliyopita. Pale darini hakuna aliyecheka. Kaka mmoja wa makamo aliyekaa karibu na birika nilimwona anapangusa macho kwa ncha ya kikoi.

Kule kwao ilianzia sinema mbili tu Tokyo, Juni 2018, ikasambaa hadi kupita 300, na mapato yakapita yeni bilioni 3. Waliofanya kazi hiyo ni watu wa kawaida wakiambiana "nenda ukaione, na usiondoke". Mwaka 2022 Wafaransa wakaitengeneza upya kwa pesa nyingi zaidi, Michel Hazanavicius mwongozaji, ikafungua tamasha la Cannes. Niliitizama. Ni kazi safi. Lakini walipoingia kwenye piramidi sikuogopa kwamba wataanguka.

Nahodha_Likoni

Nimeruka ujumbe wa Fundi, sijausoma. Ntarudi.

Nahodha_Likoni

Nimerudi. Ni saa saba usiku. Nimeitizama yote kwenye simu na mwanangu wa miaka kumi na tano, chumbani, feni imezimwa ili tusikie.

Ntaandika uhakiki wangu hapa maana ule wa kwanza niliuandika kwenye matatu.

Dakika 37 za mwanzo bado ni ndefu. Nasimamia hapo. Mtu akiniambia zilihitajika zote, simkubalii, zingekuwa 30 tungeelewa vile vile. Yule mwanamke wa shoka amepiga kelele kupita kiasi na hata nilipojua kwa nini bado zilinichosha.

Lakini kuna yule fundi sauti mwenye tumbo linalomuuma, anayeinuka ghafla kukimbilia nje. Jumamosi nilimwona nikasema huyu hajui kuigiza. Leo nilipomwona mara ya pili nilicheka hadi mwanangu akanishika mkono nisimwamshe mamake. Mtu yule yule, mbio zile zile. Na kwenye piramidi nilishtukia nimeinua mikono, simu nimeiweka kitandani, nimeinua mikono kama nawashikilia.

Mwanangu aliniuliza, "Baba, si hii ndiyo uliyosema takataka?" Nikamwambia ndiyo.

Fundi, kundini nimeandika kwamba niliondoka dakika ya ishirini. Hilo tu, wajue.

BintiMajengo

Nahodha, Mungu akuweke. Wewe ndiye nataka uje uihakiki ya kwangu.

Nahodha_Likoni

Nitakuja, dada. Ukinionyesha mshono nitautaja.

Fundi_Kuze

Basi Jumamosi hii inshallah, baada ya isha, darini. Tunaanza na ya BintiMajengo. Nahodha, badilisha zamu au lala Kuze, godoro lipo. Kinachonikosesha usingizi ni spika, moja inakwaruza kwenye besi na nataka hodi ya tatu isikike. Mwenye spika nzima upande wa Kibokoni au Makadara aniandikie pembeni, nitakuja kuichukua kwa mkokoteni mwenyewe na kuirudisha Jumapili asubuhi.

Kahawa_Chungu

Nina mbili. Njoo Ijumaa baada ya laasiri, lakini uje na blanketi la kuzifunikia, mvua za siku hizi hazibishi hodi.